Arafa na Saga ya Darasa la Sita

Arafa binti Ubaid alizaliwa Kitale, katika nyumba za mabati zilizobanana nyuma ya msikiti, ambako ua wa mtu mmoja ndio njia ya jirani yake. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mama yake, Suad, alipika mahamri akawauzia asubuhi vibarua wa maghala ya mahindi. Mji ule umezungukwa na mashamba, mahindi yanaanzia pale lami inapoishia, lakini katika nyumba ya mzee Ubaid hakuna aliyewahi kushika jembe. Mboga zilikuja mlangoni zikiwa zimefungwa mafungu, vichwani mwa akina mama waliopiga hodi. Arafa akakua akijua kuikata sukuma wiki nyembamba kama uzi, asijue inavyoota.

Alichokijua barabara ni jiko. Moto aliusikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa, na kwa harufu tu aliweza kukuambia kitunguu kimebakiza dakika ngapi kiungue. Alipoolewa na Hashim, fundi wa magari, wakahamia Webuye ambako Hashim alipata kazi kwenye gereji ya kando ya barabara kuu. Watoto hawakujaliwa. Siku zikawa ndefu. Ndipo mwaka 2003, serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, watoto wakamiminika shuleni kama siafu, na Shule ya Msingi ya Makhuyu, upande wa Bokoli, ikajikuta na wanafunzi mia saba badala ya mia tatu. Wazazi wakakubaliana kuchangia mahindi na maharagwe ili watoto wale mchana. Mpishi akatafutwa. Arafa akaenda, akapika sufuria moja ya githeri mbele ya mwalimu mkuu, Bwana Wabwile, naye akaonja, akaonja tena, akasema, "Mama, wewe anza kesho."

Akaanza. Kila asubuhi alibebwa na boda boda ya baiskeli kutoka Webuye, mtandio umefungwa vizuri, leso kiunoni, na jua likichomoza alikuwa ameshasema bismillahi yake na kuwasha moto chini ya sufuria iliyohitaji watu wawili kuiinua. Watoto walimwita Anti. Walimheshimu, lakini walimcheka kidogo pia, kwa sababu siku moja aliuliza kama viazi vitamu vinachumwa juu ya mti au chini. Habari hiyo ilizunguka shule nzima kabla ya kengele ya saa nne.

Mtu aliyemtoa jikoni alikuwa Mwalimu Kui. Kui alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa darasa la sita, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri na kulima nje kidogo ya Kitale. Kwa hiyo wawili hao walijihesabu watu wa mji mmoja, wakapendana siku ya kwanza. Asubuhi moja ya Februari Kui alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni.

"Dada Arafa, haya maji ya kuoshea masufuria huwa unayamwaga wapi?"

"Si hapo nyuma. Kwani kuna shida?"

"Hakuna shida. Ninayataka. Na majivu pia, na maganda, na kila kitu unachotupa."

Arafa akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, nimeombwa vitu vingi maishani, lakini uchafu ni mara ya kwanza!"

Hivyo ndivyo bustani ya darasa la sita ilivyoanza. Nyuma ya jiko palikuwa na kipande cha ardhi chenye nyasi za kufika magotini. Watoto themanini na wanne wakaja na majembe ya nyumbani, wakang'oa, wakalima, wakazungusha ua wa matawi ya miiba kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Arafa alikuwa akiwatazama kupitia dirisha akikoroga. Aliona matuta yakiinuka, akaona maji yake machafu yakipelekwa kwa mikebe, mtoto mmoja mmoja, kana kwamba ni maji ya Zamzam. Kufikia Aprili sukuma wiki zilikuwa zimesimama, pana kama masikio ya ndovu, na githeri ya Ijumaa ikaanza kupikwa na mboga ndani. Wale watoto waliokuwa wakimcheka wakawa wanamletea majani mlangoni, yameoshwa, yamepangwa, na kusimama pale wakingoja aseme neno. Naye kila mara alisema. Alisema sana kuliko ilivyohitajika, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeanza kuwashika.

Muhula wa pili ulipoanza, Kui aliagiza kila mwanafunzi alete mbegu kutoka kwao. Mukhisa, mvulana mwenye sauti kubwa ambaye ndiye aliyekuwa akisambaza habari zote pale shuleni, alileta kunde kwenye mfuko wa unga. Wengine walileta malenge na mchicha. Mwisho kabisa akaja Chepkemei.

Chepkemei alikuwa msichana mkimya aliyekuwa akiishi na mjomba wake, Rotich, mfanyakazi wa reli pale Webuye. Alifungua pembe ya kitambaa mbele ya darasa. Ndani mlikuwa na mbegu ndogo nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha siafu.

"Ni saga," akasema, mboga ambayo wengine huiita mgagani.

"Saga!" Mukhisa akaruka. Ulimi wake, kama ndimi nyingi za Bungoma, ulizibadilisha l na r upendavyo. "Si hiyo inajiotea tu nyuma ya choo? Na ni chungu kama dawa ya maralia, bana!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Chepkemei hakuinua macho. "Hii si ya nyuma ya choo," akasema polepole. "Hii ni ya kogo yangu." Kogo, kwa lugha yao, ni nyanya, yaani bibi. "Alikuja nayo alipoolewa. Majani yake ni makubwa. Amenipa nusu ya alizobaki nazo."

Kui alimpa matuta matatu, yale bora, yaliyo karibu na jiko. Chepkemei akachanganya mbegu na mchanga, akazimwaga kwa mkono jinsi alivyofundishwa, si kwa mistari.

Katikati ya Juni shule ilifungwa siku nne kwa likizo fupi. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Jumamosi Arafa alikuja kusafisha stoo ya mahindi, akachungulia bustani, akaona matuta ya saga yamejaa majani ya kila namna, marefu na mafupi, yamesongamana kama watu kwenye mnada. Akasema moyoni, masikini watoto wangu, watarudi wakute kazi ya juma zima. Akajifunga leso, akachukua kijembe, akaingia.

Alilima Jumamosi yote na Jumapili akarudi. Mgongo ulimuuma, viganja vikatoka malengelenge. Miche midogo yenye majani kama vidole vitano, iliyokuwa imetapakaa ovyoovyo, aliing'oa yote, maana aliona haina mpangilio. Akabakiza mmea mmoja mzuri wa majani mapana laini, uliosimama kwa heshima, akaupalilia na kuunyunyizia maji. Jumapili jioni alisimama kando ya ua, akatazama udongo ule ulivyopendeza, akajisikia kama bibi harusi.

Jumanne asubuhi watoto walirudi. Arafa alikuwa mlangoni akingoja sifa.

Mukhisa alifika wa kwanza. Akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Arafa amjue, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Anti Alafa," akasema, "hii umeacha ni ire ya kunuka. Hata mbuzi haiguzi. Ni sumu. Na saga... saga umetoa."

Chepkemei alipita katikati ya wenzake. Alikwenda mpaka kwenye rundo la majani yaliyonyauka pembeni mwa ua, akapiga magoti, akainua mche mmoja, mwingine, akajaribu kuunyosha kwa vidole. Halafu akauweka chini. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtiririka tu.

Wakati huohuo Bwana Wabwile akatoka ofisini, akaona umati, akaona matuta matupu, akakunja uso.

"Ni mbuzi wa yule jirani tena? Leo nitamwendea mimi mwenyewe!"

Watoto themanini na wanne walinyamaza kwa pamoja, na Arafa akaelewa kuwa wanamfichia siri. Ingekuwa rahisi. Mbuzi wale walikuwa na sifa mbaya tayari.

"Si mbuzi, mwalimu mkuu. Ni mimi. Nilidhani ninapalilia."

Bwana Wabwile alimtazama, akatazama ule mmea wa sumu uliopaliliwa vizuri, akarudi ofisini. Baadaye Kui alimwambia kuwa mzee alikwenda kucheka peke yake kwa adabu. Lakini siku ile Arafa hakuona la kuchekesha. Alimwendea Chepkemei akachuchumaa karibu naye.

"Mwanangu, nimekukosea. Nyanya yako anakaa wapi?"

"Mbali. Ukitoka Kitale, barabara ya Endebess."

"Kitale ndiko nilikozaliwa. Si mbali."

Ijumaa baada ya kupika aliaga, akaenda Kitale, akalala kwa mama yake. Bi Suad aliposikia habari yenyewe alimwangalia bintiye vile viganja, akasema, "Ati umelima? Wewe?" Akamkanda kwa maji ya chumvi, akamfungia mahamri kumi na mawili ya kupeleka. "Mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu."

Asubuhi Arafa alifuata maelekezo ya mjomba Rotich mpaka kwenye boma moja lenye ua wa mikaratusi. Kogo alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amevaa koti la kiume na viatu vya tairi, akianika magunzi juani. Arafa akasalimu, akatoa mahamri, akakaa kwenye kigoda alichoonyeshwa, akaeleza yote bila kuficha. Mwanamke yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uling'oa yote?"

"Yote, mama."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono na kijembe."

"Siku mbili?"

"Siku mbili."

Kogo akatikisa kichwa. "Una bidii. Mtu mjinga mwenye bidii ni hatari kuliko mbuzi." Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka kicheko kirefu, kimya, mpaka akajifuta macho kwa upindo wa koti. Arafa naye akashindwa kujizuia. Wakacheka wote wawili, na kuku wakakimbia.

"Lakini mbegu nikikupa," kogo akasema alipotulia, "si utang'oa tena?"

"Nifundishe."

"Kwani wewe kazi yako ni gani?"

"Mimi ni mpishi."

"Basi kwa nini unatumia macho? Mpishi atumie pua."

Akamchukua mpaka nyuma ya nyumba, kwenye bustani yake. Akamfanya achuchumae. Akachuma jani, akaliponda kati ya vidole, akampelekea puani. "Hii?" Harufu ilikuwa kali, ya kijani, na ndani yake kitu kama haradali. "Saga," Arafa akasema. Jani jingine. Hili lilinuka kama nyanya mbichi. "Managu," akasema, ndiyo mnavu aliouzoea mlangoni kwao. Jingine likamfanya akunje uso na kugeuka pembeni. "Lile la sumu!" Kogo akaguna kwa kuridhika. Waliendelea hivyo mpaka jua likawa utosini, Arafa akiwa amefumba macho, anapewa majani, anataja, anakosea, anapigwa kikofi kidogo mkononi, anataja tena. Kwa miaka thelathini na nane mimea ilikuwa kwake rangi moja tu ya kijani. Siku ile kila mmoja ukapata jina.

Mchana walipika pamoja. Kogo alimwonyesha jinsi ya kuchemsha saga na managu, kumwaga maji ya kwanza ya uchungu, kisha kuziacha zilale ndani ya maziwa kwenye chungu, uchungu upoe wenyewe. "Watu wanapika leo, wanakula leo, halafu wanalalamika," akasema. "Hii mboga inataka kungojewa." Alimpakulia ya siku mbili iliyokuwa tayari, na ugali wa wimbi. Arafa alitia tonge kinywani, akatafuna polepole. Uchungu ulikuwepo, lakini kwa mbali, umezungukwa na utamu wa maziwa.

Wakati wa kuondoka kogo alishusha kutoka darini vikonyo vilivyokauka, wakavipukuchua pamoja juu ya ungo. Akamgawia nusu, akazifunga kwenye kitambaa.

"Mama, hizi si ndizo za mwisho?"

"Za mwisho ni zile zinazokaa darini," kogo akamjibu. "Ziende kwa watoto."

Jumatatu Arafa alimkabidhi Chepkemei kile kitambaa mbele ya darasa zima. Msichana alikifungua, akatazama, akafunga tena, akamtazama Arafa usoni. "Ulimwona? Bado anakohoa?"

"Hakukohoa hata mara moja. Alinichapa vikofi siku nzima."

Chepkemei akacheka, na darasa likashangaa, maana wengi hawakuwa wamewahi kusikia kicheko chake. Safari hii walizimwaga mbegu wawili, msichana na mpishi, wamechuchumaa upande kwa upande, leso ya Arafa ikiburuta udongoni.

Miche ilipotoka, Mukhisa aliamua kwamba Anti lazima afanyiwe mtihani. Aliweka majani sita kwenye sahani, akamfunga macho kwa leso ya Arafa mwenyewe, darasa zima likamzunguka. Arafa alinusa, akataja. Saga. Kunde. Mchicha. Managu. Malenge. La sita alilinusa mara mbili, akatabasamu. "Hili si mboga. Hili ni jani la mpera umelichuma nje ya ofisi ya mwalimu mkuu."

"Aki Anti ni mchawi!" Mukhisa akapiga kelele, akakimbia kuwaambia darasa la saba.

Mwishoni mwa Julai saga zilikuwa zimefika mapajani. Ikabaki kupika, na hapo Bwana Wabwile akasita. Wazazi watasema nini wakisikia watoto wao wanalishwa majani ya porini? Wengine walishaona hata sukuma wiki ni chakula cha shida. Arafa hakubishana naye. Alimwomba tu maziwa. Mzee alikuwa na ng'ombe wawili, na kwa kuwa hakuwa na roho ngumu, Jumanne alikuja na mtungi wa lita kumi ukining'inia kwenye baiskeli. Watoto walioweza walileta ya kwao kwenye chupa za soda.

Mboga zililala kwenye maziwa siku mbili. Arafa alizilinda kama mtu anayelinda maiti ya mfalme. Hakuna aliyeruhusiwa kufunua. Alhamisi akazipasha moto polepole, akaongeza kitu alichokitoa kwao na ambacho kogo hakumfundisha: kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya asali, na njugu zilizosagwa, kidogo tu, kuipa mboga uzito. Siku ile hapakuwa na githeri kwa darasa la sita. Alilisongea ugali. Harufu ikatoka jikoni, ikavuka uwanja, ikaingia madarasani, na Kui akasema baadaye kwamba alifundisha sehemu za desimali saa nzima bila mtu yeyote kusikia neno.

Mukhisa alikuwa mbele ya mstari, kwa sababu alitaka awe wa kwanza kutema. Alitia mboga mdomoni, akakunja uso tayari. Uso ukabaki umekunjwa kidogo, halafu ukakunjuka wenyewe. Akatafuna. Akameza.

"Sema," wenzake wakamwambia.

"Ngojeni kwanza," akasema, akala tena. Sahani ilipoisha alirudi nyuma ya mstari, akajifanya ni mtu mwingine.

Chepkemei alikula amekaa peke yake kwenye kizingiti cha jiko. Arafa alipomaliza kupakua, akajitilia yake, akakaa karibu naye.

"Njugu si ya kwetu," msichana akasema.

"Ni ya kwetu sisi."

Chepkemei akafikiri. "Nitamwambia kogo. Atakasirika kwanza. Halafu atajaribu."

Wakala. Bwana Wabwile alipita na sahani yake mkononi, akitafuta kama kumebaki, akakuta sufuria imekwanguliwa mpaka inang'aa.

Miaka ikaenda. Chepkemei alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2005, akapata nafasi katika shule ya bweni upande wa Kitale, akawa akiwaandikia barua Kui na Arafa, bahasha moja, karatasi mbili. Mukhisa alibaki Bokoli, akauza mboga kwenye soko la Jumatano, akisema kwa sauti ileile kwamba saga yake si ya nyuma ya choo. Hashim alizoea kukuta mezani vitu ambavyo utotoni mwake alidhani ni chakula cha mbuzi, na akaacha kuuliza.

Kui alipohamishwa mwaka 2006, hakuna mwalimu aliyetaka bustani. Bwana Wabwile akaja mlangoni mwa jiko, akakuna kichwa, akasema kwamba bila shaka ni kazi nyingi mno kwa mpishi, lakini je, angeweza kuichukua? Arafa alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinuka. Alimwambia amletee darasa la nne, maana hao bado wadogo na mikono yao haijazoea vibaya, na mbegu atatafuta mwenyewe.

Mwaka huo yeye na darasa la nne walijaribu vitunguu, vikakubali.